Kigeuzi kisichomaliza betri wala kukurudisha bwawani

Ukifunga vipima joto kwenye mabwawa ya ngege (samaki aina ya tilapia) kule Kano, karibu na Kisumu, au kando ya Ziwa Victoria, kinachokugharimu zaidi ni kurudi. Betri imekufa, unarudi. Mfugaji amepiga simu kwamba namba hazieleweki, unarudi tena kusawazisha, yaani kurekebisha namba zilingane na joto halisi. Nauli ya boda inakwenda, na nusu siku nayo. Kazi hii imenipa msimamo mmoja ambao siuachi: betri na usawazishaji mara nyingi ni ugonjwa mmoja, na dawa yake iko kwenye kigeuzi (ADC), pale volti inapogeuzwa kuwa namba.

Anza na volti ya rejea, ile ambayo kigeuzi hulinganishia volti inayoingia. Kigeuzi hakikupi volti, kinakupa uwiano kati ya volti inayoingia na ile ya rejea. ATmega328P, chipu ya kidhibiti (kompyuta ndogo inayoendesha kipimo) ambayo wengi wetu tunaitumia, ina rejea ya ndani ya volti 1.1, lakini watengenezaji wanasema wazi inaweza kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2. Kwa ESP32, kidhibiti kingine, mambo ni yaleyale. Ukiitegemea rejea hiyo, itabidi usawazishe kila chipu peke yake. Ukiongeza chipu ya nje ya rejea, umeongeza mlaji mwingine wa betri.

Kwa themista, yaani rezista ambayo ukinzani wake hubadilika na joto, huhitaji lolote kati ya hayo. Iunganishe mfululizo na rezista imara ya kiloomu 10, kisha uzilishe kwa volti ileile ambayo kigeuzi kinatumia kama rejea. Betri ikishuka kutoka volti 4.2 hadi 3.4, volti ya themista inashuka, rejea nayo inashuka kwa kiwango kilekile, na namba unayosoma haitikisiki. Kosa limejifuta kabla halijafika kwenye programu. Pesa ambayo ungenunulia rejea, nunulia rezista yenye kosa lisilozidi asilimia 0.1.

Halafu kuna tamaa ya biti, yaani kutaka kigeuzi kinachogawa volti katika hatua nyingi zaidi. Tufanye hesabu. Ukinzani wa themista ya kiloomu 10 hubadilika kama asilimia 4.4 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi inapokuwa karibu na nyuzi 25, ambayo ndiyo hali ya maji ya huku. Kwenye kigeuzi cha biti 10, chenye hatua 1,024, hiyo ni takriban hatua 11 kwa kila nyuzi, yaani hatua moja haifiki hata sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Themista yenyewe, ikiwa na kosa la ukinzani la asilimia 1, ina kosa la zaidi ya nyuzi 0.2. Biti 16 hapo zinakupimia kelele tu, yaani mitikisiko midogo ya umeme isiyo na maana. Na kelele ni ghali kuipunguza: mahali ambapo ndiyo kikwazo, kila biti ya ziada inadai nishati karibu mara nne.

Wanafunzi wanaobuni chipu zenyewe watakutana na sheria hiyohiyo ndani ya kigeuzi cha kukadiria kwa hatua (SAR), kinachotafuta jibu biti moja baada ya nyingine kwa kulinganisha chaji za kapasita. Ukitaka tofauti kati ya kapasita zake ipungue kwa nusu, lazima eneo la kila kapasita liongezeke mara nne, na nishati ya kuzijaza hupanda vivyo hivyo. Wengine huweka kapasita ndogo na kusahihisha kwa hesabu za kidijiti, lakini saketi ya kusahihisha nayo inakula. Mimi napenda ubunifu unaoacha nafasi ya kujirekebisha: hatua za mwanzo zikikosea kidogo, za mwisho zinaweza kuokoa jibu, kwa hiyo unaweza kuzifanya za mwanzo kwa umeme kidogo.

Turudi bwawani. Themista na rezista yake kwa volti 3.3 hunywa maikroampia 165. Ukiziacha zikiwaka mchana na usiku, ni karibu miliampia-saa 4 kila siku. Zilishe kutoka pini ya kidhibiti badala yake: washa, subiri milisekunde chache, soma, zima. Maji ya bwawa hayabadiliki kwa dakika moja, hivyo kusoma kila dakika 15 kunatosha kabisa, na ulaji wa sehemu hiyo unakuwa kama haupo. Kizime na kigeuzi chenyewe kabla chipu haijalala, maana kikisahaulika kinaendelea kunywa maikroampia mia kadhaa usingizini. Ukiamka, tupa kipimo cha kwanza.

Kilichobaki kukagua ni themista, na hilo ulifanye mezani kabla hujapanda boda. Chukua barafu safi kwa wauza samaki, isiwe ile iliyokwisha kulaliwa na samaki au kutiwa chumvi, uiponde, utie maji kidogo na ukoroge: hapo una nyuzi 0. Kwa kipimo cha pili tumia ndoo ya maji ya kawaida na kipimajoto cha maabara unachokiamini. Maji yanayochemka usiyatumie kama nyuzi 100. Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 96. Nakuru ni karibu 94. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 0.3, iache. Ikizidi, iandike kwenye programu mara moja, kisha ziba kisanduku kwa silikoni ukakifunge.