Mama kijacho wa wiki 27, usikwepe hicho kipimo cha glukosi

Wiki 27, umeandikiwa ukanywe glukosi upimwe kisukari cha mimba, na unataka kuahirisha kwa sababu mkojo hauna sukari, husikii kiu, na eti hilo linywaji linatapisha. Dada, hayo maneno matatu niliyasema mimi, kwa mpangilio huohuo. Sitakubembeleza. Nenda kesho.

Mimi nilikwepa. Muuguzi alichovya kijiti kwenye kikopo changu, akakitupia jicho, akasema "uko safi mama". Nikatoka nimevimba kichwa kama niliyefaulu mtihani. Hakuniambia kwamba mkojo hauamui jambo hili: figo za mjamzito zinaweza kumwaga sukari na damu iko sawa, na damu inaweza kuzidi sukari mkojo ukatoka msafi. Dalili ndiyo usizisubiri kabisa, wengi wetu hatuzioni. Halafu kuna shosti wangu, kungwi wa kujiteua: "Kwani mama zetu walinywa glukosi gani?" Nikaona hiyo ndiyo hekima! Mpaka leo akinitumia salamu za sikukuu namjibu kwa kidole gumba tu.

Tumbo likakua, watu wakasifu, "hilo dume hilo". Alikuwa binti, kilo 4.6. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Chumba kikajaa watu ghafla, wawili wananikunja magoti mpaka kifuani, mwingine anakandamiza juu ya kinena. Mume wangu anasema zilikuwa dakika mbili. Yeye alikuwa amesimama, mwache aseme.

Akatoka, akalia, nikadhani yameisha. Haikupita saa moja vidole vyake vikaanza kutetemeka. Namwekea ziwa, analigusa kwa mdomo, analala. Wakamchoma kisigino: sukari 1.6 mmol/L, iko chini mno. Ndipo daktari akanipa, nikiwa nimechanika na kushonwa, somo ambalo ningelipata mapema nikiwa nimekaa kwenye benchi. Sukari yangu ilikuwa inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, lakini insulini yangu, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, haipiti. Kwa hiyo kongosho lake likatengeneza insulini yake kwa wingi, na ndiyo iliyomnenepesha vile. Kitovu kilipokatwa sukari ilikoma palepale, ila insulini ilikuwa bado imejaa mwilini mwake, inaendelea kufyonza kilichobaki. Siku nne mtoto na dripu mkononi, manjano nayo ikaja juu yake, mimi namtazama kupitia kioo huku maziwa yanachuruzika.

Sasa hicho unachokiogopa: unaenda asubuhi hujala, wanatoa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji, wanatoa tena baada ya saa 1 na baada ya saa 2. Vituo vingi vinahesabu 5.1, 10.0 na 8.5 mmol/L kwa mpangilio huo, ukifika au kuvuka hata kimoja, unacho kisukari cha mimba. Kinachefua, ndiyo. Linganisha na nyuzi. Na usijinyime wanga siku za kabla eti ufaulu, majibu yatapotoka na utakuwa umejidanganya mwenyewe.

Mimba ya pili nilipimwa mapema, nikakutwa nacho. Kidole nikawa nakichoma kabla ya kula, na tena saa 1 baada ya kula, lengo chini ya 5.3 na chini ya 7.8. Chakula na kutembea havikutosha, wakaniongezea insulini ya usiku. Nilinuna wiki nzima. Huyo alikuja na kilo 3.3, akashika ziwa kama ana deni nami.

Uliuliza pia kuhusu kula matunda, na sijui nini tena kuhusu kujifungua kawaida. Njoo na majibu ya kipimo chako kwanza. Ah, na ukikutwa nacho, wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua urudi upimwe tena, hata kama mtoto analia na huna wa kumwachia. Mbebe uende naye.