Maswali ya Wasomaji: Balbu Zenye Alama ya Matter Zinapogoma

Swali: Ndugu Mhariri, kaka yangu anayeishi Hamburg aliniletea aina mbili za balbu janja, zote zikiwa na alama ya Matter kwenye boksi. Za sebuleni zilikubali kuunganishwa na simu bila shida, lakini mbili za chumbani zinagoma, na simu inadai kwamba kinahitajika kifaa kingine. Je, hizo za chumbani ni bandia? *Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.*

Jibu: Ujumbe huo si dalili ya balbu bandia. Matter, iliyotolewa Oktoba 2022 na Connectivity Standards Alliance, muungano wenye wanachama kama Apple, Google, Amazon na Samsung, ni makubaliano ya namna vifaa vya kampuni mbalimbali vinavyotambuana na kupeana amri. Haikuleta redio mpya. Amri zenyewe husafiri kwa waya, kwa Wi-Fi, au kwa Thread, ambao ni mtandao wa redio unaotumia umeme kidogo sana na ambamo vifaa hupokezana ujumbe mpaka ufike unakokwenda. Yaelekea balbu za sebuleni ni za Wi-Fi, ndiyo maana ruta yako ilizipokea, na za chumbani ni za Thread. Soma maandishi madogo ya kwenye boksi, yale ambayo wengi huyapita, uhakikishe.

Ruta nyingi za majumbani hazina redio ya Thread. Panahitajika kifaa cha kati cha kuunganisha mtandao huo na ule wa ruta, na mara nyingi huwa ndani ya spika janja au kisanduku cha televisheni, kama vile HomePod mini, Nest Hub ya toleo la pili au Echo ya toleo la nne. Hapa ndipo wanunuzi wanapopoteza fedha, kwa kuwa spika inayoweza kusimamia vifaa vya Matter si lazima iwe na Thread: Nest Mini, kwa mfano, haina. Apple TV 4K ya mwaka 2022 iliuzwa kwa namna mbili zinazofanana kwa sura. Ya GB 128 ina Thread, ya GB 64 haina. Muuzaji akikwambia zote ni zile zile, mwombe akuonyeshe namba ya modeli.

Kwa ajili ya balbu mbili tu, mimi nisingenunua kifaa hicho. Ningetafuta balbu nyingine za Wi-Fi. Thread inastahili gharama yake kwa mwenye vihisi na vitasa vinavyotumia betri. Ukiamua kuendelea nayo, fahamu kwamba balbu ya Thread kwa kawaida huwapitishia wenzake ujumbe muda wote inapopata umeme, kwa hiyo mtu akiizima kwa swichi ya ukutani, kihisi cha mlangoni kilichokuwa kikiitegemea chaweza kupotea hewani mpaka kipate njia nyingine. Wageni na watoto waelezwe. Aidha, kabla ya kufunga balbu kwenye holda, piga picha msimbo wa QR pamoja na tarakimu 11 zinazoambatana nao, kwa sababu utazihitaji kila utakapolazimika kuanza upya.

Swali: Nina balbu za Philips Hue za zamani zinazotumia Zigbee, yaani mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani, na kitasa cha Z-Wave, mtandao mwingine wa aina hiyo, kilichonunuliwa Marekani. Kituo changu cha Z-Wave kimetoka Uingereza na hakikioni kitasa hicho. Je, Matter itaviokoa? *Msomaji, Nyali, Mombasa.*

Jibu: Balbu, ndiyo. Tangu Septemba 2023 daraja la Hue lile la mraba, yaani kisanduku kinachounganisha balbu hizo na ruta, limepata programu ya Matter. Balbu zinaendelea kuzungumza Zigbee na daraja, nalo linazitambulisha kwa vifaa vingine.

Kitasa ni habari nyingine. Z-Wave ya Marekani hutumia megahezi 908.42 na ya Ulaya 868.42, tofauti ambayo iko kwenye redio yenyewe na kwa kawaida haiondolewi kwa kusasisha programu. Usishawishike kuagiza kituo cha Marekani ili kulingana na kitasa, maana masafa hayo yanaangukia ndani ya bendi ya megahezi 900 ambayo huku kwetu hutumiwa na simu za mkononi. Kitasa hicho mpe ndugu aliyeko Marekani.