Marashi ya Houbigant: yape saa kadhaa mkononi kabla ya kutoa hela

Wengi wanaoniuliza kuhusu Houbigant huanza na mwaka 1775. Ni kweli, ndipo Jean-François Houbigant alipofungua duka lake la manukato Paris, mtaa wa Faubourg Saint-Honoré. Lakini jina hilo lilikuja kuyumba vibaya, na Houbigant ya leo imefufuliwa na familia ya Perris. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye kasha usikufanye ufungue pochi. Nusa kilichomo ndani ya chupa.

Anza na Quelques Fleurs. Robert Bienaimé aliyatunga mwaka 1912, enzi ambayo marashi mengi ya maua yaliiga ua moja tu. Yeye akachanganya asumini, waridi, langilangi na mengineyo, asiache hata moja litawale. Aliyekulia pwani hapati tabu kuelewa, maana kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia, nacho hufungwa hivyo hivyo.

Kuna ua jingine ndani yake ambalo huku hatuna: muge, ua dogo jeupe la Ulaya. Hili halitoi mafuta hata ulikamue vipi. Bienaimé aliijenga harufu yake kwa hidroksisitronelali, kemikali ya maabara. Basi muuzaji akikuapia kwamba ni maua asilia matupu, muulize mwingine. Na ukisikia ukali mtamu wa karafuu, pua yako iko sawa: harufu ya karnesheni hutengenezwa kwa eujenoli, ile ile inayozipa karafuu za Pemba harufu yake.

Usiamue kwa karatasi ya kunusia ya dukani. Pulizia mara moja tu ndani ya mkono, kisha toka, endelea na shughuli zako. Kwangu mimi dakika za mwanzo ni majani mabichi makali, na hapo ndipo wengi huyakataa. Subiri. Maua hufunguka taratibu, asumini ikisikika zaidi mwili ukipata joto, na jioni hubaki miski na msandali karibu kabisa na ngozi. Hiyo ya jioni ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na dukani huwezi kuionja.

Joto letu huyapandisha marashi haya haraka, kwa hiyo mchana tumia kidogo. Yakikuzidi, jaribu Orangers en Fleurs ya mwaka 2012, ambayo imejengwa juu ya ua la mchungwa na ni nyepesi kuzoeleka. Fougère Royale ni maarufu pia, lakini anayetafuta maua asianzie hapo.

Chupa kuukuu za mtandaoni sizishauri, isipokuwa umeinusa mwenyewe. Mwanga na joto huharibu kwanza harufu za juu, yaani zile zinazosikika mwanzo, na huwezi kujua chupa imekaa wapi miaka yote hiyo. Anayekumbuka Quelques Fleurs ya bibi yake atasikia tofauti kwenye mpya, maana baadhi ya viambato, kama kuvu-mwani (uoto unaoota kwenye magome) wa mti wa mwaloni, vimewekewa mipaka kwa sababu ya mzio. Mimi naona ni haki kwa mwenye ngozi inayodhurika upesi.

Nunua kwanza kichupa kidogo cha majaribio, uvae siku ya kazi na siku ya harusi. Ukishanunua kubwa, ihifadhi kabatini ndani ya kasha lake, mbali na dirisha, na kamwe usiiache kwenye gari.