Faini kwa wazazi wasiohudhuria mikutano ya shule: sisi tuliiweka, na haya ndiyo yaliyotukuta

Mkuu mleta uzi, hongera kwa kuchaguliwa, na pole pia, maana kamati ya wazazi ni kazi ambayo lawama zake hazina likizo. Nimekusoma vizuri: shule ya msingi, wazazi hawaji mikutanoni, darasa la tatu limefanya vibaya mtihani wa mwisho wa mwaka, na kikao kimependekeza kila atakayekosa mkutano atozwe faini. Unauliza kama itasaidia. Wengi hapo juu wamekuambia ukaze, eti mzazi wa siku hizi bila kubanwa haendi. Mimi nimekaa kwenye kamati kama hiyo miaka mitatu, na mwaka wa kwanza hiyo faini niliipendekeza mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Mkutano wa kwanza baada ya faini watu walijaa hadi wengine wakasimama dirishani. Tukapongezana. Wa pili walipungua kidogo. Wa tatu ndipo nilipoelewa tulichofanya. Siku moja kabla yake, mama mmoja alifika asubuhi akamkabidhi mwalimu wa zamu bahasha: "Mwalimu, hii ni ya mkutano wa kesho. Sitakuwepo." Amelipa kabla! Wala hakuwa na jeuri. Alisema kwa adabu kabisa, kama mtu anayelipia maegesho. Mama huyohuyo, kabla ya faini, akikosa mkutano alikuwa anatafuta mwenzake amuulize kilichosemwa, na akikutana nami njiani anainamisha macho. Aibu ile ndiyo iliyokuwa inamrudisha shuleni, na sisi tukawa tumeiwekea bei.

Wasio na cha kulipa ndio walioumia zaidi. Walianza kukwepa hata geti. Mtoto anaachwa mbali amalizie njia mwenyewe, mzazi asije akakutana na mwenye daftari la madeni. Mwenye daftari, kwa taarifa yako, nilikuwa mimi.

Baadaye nikaja kusoma kwamba jambo hili lilishapimwa. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha mwaka 2000 utafiti wa vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel. Vituo 6 viliweka faini kwa wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Wachelewaji wakaongezeka hadi karibu mara mbili, na faini ilipofutwa hawakupungua. Hapo kwenye kufutwa ndipo pa kuogopa, mkuu. Sisi pia tuliifuta, tukadhani tutarudi tulipoanzia. Thubutu. Ilituchukua karibu mwaka mzima watu waanze kutuamini tena.

Kilichotutoa hapo ni swali la mwalimu wa darasa la tatu, mama mmoja mkimya ambaye vikao vyote vilivyotangulia alikuwa anasahihisha madaftari tu. Siku hiyo aliinua kichwa akauliza, "Mnataka wazazi waje wafanye nini?" Kimya. Tukafungua kitabu cha kumbukumbu: michango, sare, ukuta wa nyuma, taarifa ya mwalimu mkuu, michango tena, mengineyo. Hakuna ukurasa hata mmoja ambapo mzazi aliambiwa mwanawe anajifunza nini mwezi ule. Sasa mtu aombe ruhusa kazini mchana aje kusikiliza habari za ukuta?

Na kuna jambo ambalo sisi wanakamati hatulipendi kwa kuwa linatupunguzia ukubwa. Mwaka 2003 Charles Desforges na Alberto Abouchaar waliandaa mapitio ya tafiti kwa ajili ya wizara ya elimu ya Uingereza. Walikuta kwamba kinachombeba mtoto wa shule ya msingi ni yale yanayofanyika nyumbani: mzazi kuzungumza naye, kufuatilia anachojifunza, kumwonyesha kwamba anatarajiwa kufika mbali. Katika umri huo, tofauti iliyoletwa na hayo ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya ubora kati ya shule na shule. Mzazi kuonekana shuleni, kwa peke yake, hakukuwa na uzito huo. Kwa hiyo mnaweza kujaza ukumbi kila mwezi na darasa la tatu likabaki palepale.

Tukaanza kitu tulichokiita karatasi ya Ijumaa. Nusu ukurasa, inabandikwa kwenye daftari la mtoto, mambo matatu tu: wiki hii tumefundisha nini, mwombe mtoto akuonyeshe nini, akikwama ufanye nini. Mwalimu ndiye aliyeandika, sisi kamati tukachapisha na kukata. Ninayoikumbuka zaidi ni ya hesabu, kwa sababu iliniumbua hata mimi. Iliandikwa hivi:

"Wiki hii tunatoa kwa kukopa. Mpe mtoto 52 − 27. Akikuambia 35, si uzembe. Ametoa ndogo kwenye kubwa kila safu: 5 toa 2 akapata 3, kisha 2 toa 7 ikamshinda, akaigeuza ikawa 7 toa 2, akapata 5. Usimpe jibu. Mpe njiti 52, mafungu 5 ya kumi-kumi na njiti 2 pembeni, mwambie akupe 27."

Jaribu mwenyewe uone. Mtoto anatoa mafungu mawili bila shida, anafika kwenye zile saba, anatazama njiti mbili zilizolala pembeni, anakutazama wewe. Hapo usiseme kitu. Wangu alikaa muda mrefu akizichezea, mara akaanza kufungua uzi wa fungu moja, taratibu, kama anayeogopa kugombezwa. "Naruhusiwa kufungua?" Ndiyo kukopa kwenyewe huko, mkuu. Baba mmoja aliniambia getini: "Mimi nimekua nikiimba 'kopa kwa jirani', sikuwahi kujua huyo jirani anatoa nini."

Ukitazama, karatasi ile haikumtaka mzazi awe na elimu wala muda mwingi. Ilimtaka njiti na dakika kumi. Wale tuliokuwa tunawaita "wazazi wasiojali" wengi wao hawakujua tu waanzie wapi. Unamwambia mtu "msaidie mtoto masomo," anafungua daftari, anaona kitu kinafundishwa tofauti na alivyofundishwa yeye, analifunga, anawasha televisheni. Nisingemlaumu.

Kwenye kusoma kulikuwa na mtego mwingine. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, na hiyo ni neema, lakini mtoto akishazijua silabi na kuvuka visiki vya mbwa, nywa na ng'o, anaweza kuteleza ukurasa mzima bila kuelewa hata sentensi. Mzazi anasikia maji yanatiririka, anafurahi. Karatasi ikawa inasema: akimaliza, mwambie afunge kitabu akusimulie.

Sasa darasani kulikuwa na kijana analelewa na bibi yake, na bibi hajawahi kuingia shule. Tulijiuliza karatasi itamsaidia nini. Mwalimu akamwita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi kusoma sijui, mmeniitia nini?"

"Masikio yako yananitosha, bibi. Akusomee hadithi leo, na kesho akusomee hiyohiyo."

Zikapita wiki mbili tatu. Asubuhi moja bibi akaja mwenyewe, bila kuitwa, kamshika mjukuu mkono. "Mwalimu, huyu ananidanganya. Juzi mbuzi alikufa, jana mbuzi yuko hai, anakula majani."

Mwalimu akamkalisha kijana peke yake na kitabu. Kumbe alikuwa anatazama picha na kutunga. Maneno ya silabi mbili alikuwa anayaweza, yakizidi hapo amekwama. Darasani hakuna aliyejua, kwa sababu darasani walisoma kwa pamoja, kwa sauti, na yeye aliitikia na wenzake nusu sekunde nyuma yao. Ajuza asiyejua herufi ndiye aliyegundua kile ambacho mtihani wa muhula ulikuwa umetuambia tu kwamba ni "wastani hafifu". Kuanzia siku hiyo mwalimu aliacha kuwasomesha kwa pamoja hadi mwisho. Kila siku watoto watano walisoma mmojammoja mezani kwake, wengine wakiwa na zoezi.

Usidhani kila kitu kilikwenda. Karatasi tuliianzisha darasa la tatu, ikafanya vizuri, tukapata kiburi tukaagiza madarasa yote kwa mpigo. Walimu wakaelemewa, na kufikia muhula wa pili darasa moja lilikuwa linapokea karatasi ileile kila Ijumaa, tarehe tu ndiyo imebadilishwa. Mzazi anajua akidanganywa.

Kundi la WhatsApp nalo lilikuwa janga. Mmoja wetu alibandika matokeo ya darasa zima, majina na alama, akidhani anahamasisha. Usiku uleule watoto wakaanza kuitana kwa namba zao za mkiani. Mzazi mmoja alitoka kundini bila neno na hatukumwona hadi mwaka ukaisha. Hilo halirekebishiki kwa "samahani wapendwa". Alama za mtoto ni za mzazi wake, basi. Kundi libaki la matangazo, na la mtoto mmoja apelekewe mzazi mmoja.

Na ujumbe wenyewe usiwe mrefu. Matthew Kraft na Todd Rogers walichapisha mwaka 2015 jaribio lililofanyika Marekani. Walikuwa wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakirudia masomo waliyofeli, si wadogo kama wetu, lakini sikiliza: sentensi moja kwa wiki kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mzazi, na walioshindwa kufuzu somo wakapungua kwa asilimia 41. Zilizofanya kazi zaidi ni zile zilizotaja cha kurekebisha. Za sifa tupu zilikuwa nyuma. Sisi tulikuwa tunatuma "mtoto wako anaendelea vizuri" tukidhani ni uungwana.

Mikutano je? Tulipunguza hadi mmoja kwa muhula, na nusu saa ya kwanza ikawa ya watoto. Wanakaa na wazazi wao kwenye madawati, wanawafundisha walichojifunza. Mara ya kwanza ilikuwa ni zile njiti. Baba wa watu kakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamegusa kidevu, binti yake anamwambia, "Baba, usifungue bado, hadi niseme." Waliokuja walikuwa wengi kuliko siku ya faini, na habari za ukuta zilipofika hakuna aliyeondoka. Ukuta, kwa njia, ulikwisha mwaka huohuo.

Matokeo ya mwisho wa mwaka hayakuwa muujiza. Kusoma kulipanda, mwalimu aliona tofauti waziwazi. Hesabu ilipanda kidogo, na wapo watoto watatu wanne ambao hakuna tulichofanya kikawafikia, wazazi wao hatukuwahi kuwapata. Sitakuficha hilo.

Siku ya zawadi tuliacha wale watatu wa kwanza wapewe vyao kama kawaida. Kisha mwalimu akamwita yule kijana mbele, akamwambia mzazi yeyote aliyekaa achague ukurasa wowote. Akafunguliwa katikati ya kitabu. Alisoma polepole, akajikwaa kwenye neno moja, akarudi nyuma, akalivuka. Bibi alikuwa amefumba macho. Alipomaliza, watu wakipiga makofi, bibi akamgeukia aliyekaa jirani akamuuliza, "Ndivyo ilivyoandikwa kweli?" Akaambiwa ndivyo. Hapo ndipo naye akaanza kupiga makofi.

Kwa hiyo, mkuu, faini achana nayo. Kabla shule hazijafunguliwa mwone mwalimu wa darasa la tatu, huyo tu, wengine watafuata wakiona. Mwombe azimio lake la kazi la muhula wa kwanza, yaani mpango wa mada atakazofundisha wiki kwa wiki, na umuulize ni wapi hasa watoto walikwama mwaka huu: kusoma, kuelewa walichosoma, au kwenye kukopa na kubeba. Karatasi zichapishwe na kamati, asiongezewe hata dakika ya kukata. Ukishalipata hilo azimio, weka hapa mada za wiki nne za mwanzo, bila jina la shule, tuandike karatasi ya kwanza pamoja.