Barua kwa Mwanangu: Yule Dume Wako

Mwanangu,

Umeniuliza kama kaa dume wa maji baridi mwenye gamba dogo, ila gonopodi zake, vile viungo vya kupandia, zimeshaumbika, umwandike kuwa amekomaa au bado. Na mimi nakuuliza: umemfungua? Maana barua yako nzima haikugusa mirija ya manii.

Unanijua, nitarudia yale yale: dume hapimwi kwa nje. Ondoa gamba, uone korodani mbili zimelala juu ya tezi ya mmeng'enyo, mara nyingi zimeungana nyuma ya mfuko wa chakula mfano wa herufi H. Wengi huishia hapo. Wewe fuata mrija wa manii. Sehemu ya mbele hufungasha mbegu ndani ya spematofori, yaani vifuko vidogo vya mbegu. Ya kati, ile nyeupe iliyonenepa na kujikunjakunja, huzihifadhi. Ya nyuma hutoa majimaji, kisha mrija unatokea penye shina la mguu wa tano. Mbegu zenyewe hazina mkia wala haziogelei. Bila kufungashwa na kusukumwa, haziendi popote.

Yule mtahini wangu hilo alilijua, ndiyo maana bado linaniuma. Wakati ule vidole vyangu vilikuwa vya manjano kwa dawa ya Bouin, ile ya kuhifadhia vipande vya mwili, shangazi yako akaapa naumwa ini. Nilikuwa na dume ambaye vijishimo vya korodani yake, mnamotengenezwa mbegu, vilikaribia kuwa vitupu, seli mama za mbegu chache tu pembeni. Mtahini akatazama slaidi ile moja ya korodani, akasema, "Mchanga huyu." Nikamwekea ya mrija wa kati: spematofori tele, viini vimeshika zambarau ya rangi ya hematoksilini, ute umezizunguka kwa waridi la rangi ya eosini. Korodani ile ilikuwa imeshatoa mzigo wake, basi! Hata hakuinama kwenye hadubini. Alisema muda umekwisha. Mpaka leo nikiosha vyombo huwa namjibu, baba yako ni shahidi.

Lakini ngoja. Mrija uliojaa haumaanishi dume anaweza kupanda. Gonopodi ya kwanza ni mfereji, ya pili huingia ndani yake na kusukuma. Hizo zikiwa hazijakamilika, ghala lote lile la nini? Na akiwa mdogo mno huenda jike akamshinda. Kwa hiyo gonopodi zako zina neno... Hapana, zina neno baada ya mrija, si kabla.

Ulimi unaniwasha nikwambie uandike nini. Sisemi. Slaidi ni zako, na mimi sijamwona huyo kaa. Kata sehemu ya kati ya mrija, unene wa mikromita 5 unatosha, na korodani uikate sehemu zaidi ya moja, kwa kuwa vijishimo jirani huwa havilingani hatua. Ukiona spematofori nipigie, hata iwe usiku wa manane.

Mama