Kumtafutia Mwenzake Sungura Aliyepona Utitiri wa Masikio

Kwa Kiswahili tunatumia neno moja, sungura, kwa wanyama wawili ambao tabia zao hazifanani, na naamini hapo ndipo makosa mengi ya ufugaji yanapoanzia. Sungura wa porini, yule anayekatiza barabara usiku na anayesifiwa kwa ujanja katika hadithi za bibi, huishi peke yake muda mwingi, hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofunguka. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania, ambako jamaa zake huishi kwa makundi katika mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi, hawaoni, ndani ya kiota ambacho mama amekitandika kwa manyoya ya kifua chake mwenyewe. Mimi nilimfuga Chausiku, jike mweusi, peke yake kwa miaka miwili hapa Morogoro, nikidhani upweke ndio maumbile yake.

Ugonjwa ndio ulionifumbua macho. Alianza kutikisa kichwa na kujikuna sikio kwa mguu wa nyuma, na nilipommulika kwa tochi nilikuta ukoko mzito wa rangi ya kahawia umejazana ndani kama maganda ya mti. Alikuwa amepungua kutoka kilo 2.8 hadi 2.1. Daktari wa mifugo alisema ni utitiri, akamchoma sindano ya ivermektini na kuirudia baada ya wiki mbili, akanikataza kabisa kuubandua ule ukoko, kwa sababu chini yake ngozi ni kidonda kitupu na ukoko huanguka wenyewe utitiri ukifa. Ndivyo ilivyokuwa. Masikio yalisafishika, akarudia kula, lakini alishinda ameelekea ukutani, na nikaamua kumletea mwenzake.

Niliharakisha. Siku mbili tu baada ya kuona masikio yake yamekuwa safi nilinunua dume kando ya barabara, nikamwingiza moja kwa moja katika banda la Chausiku. Haikupita dakika moja: Chausiku alipiga mguu wa nyuma sakafuni, akamrukia, na nilipofanikiwa kumtoa yule dume palikuwa na vishungi vya manyoya vimenasa kwenye mbao, naye Chausiku ana jeraha jipya begani. Kila mfugaji anayezalisha sungura anajua kwamba jike ndiye hupelekwa kwa dume, kamwe si dume kupelekwa kwa jike, kwa kuwa jike hulinda makao yake kwa meno. Nililijua hilo na nikalipuuza, nikimhesabu Chausiku kuwa mgonjwa asiye na nguvu ya kupigana.

Kosa zito zaidi lilikuwa la afya. Utitiri wa masikio unaweza kuishi nje ya mwili wa sungura hadi wiki tatu hivi, ukijificha kwenye nyufa za mbao na kwenye matandiko, kwa hiyo sungura huweza kuwa amepona ilhali banda lake bado halijapona. Niliwatenganisha, nikachoma matandiko yote, nikamwagia mbao maji yanayochemka na kuzianika juani, kisha nikahesabu mwezi mzima tangu sindano ya mwisho. Dume, niliyempa jina la Mkwaju, alikaa karantini chumba kingine muda huo huo, na masikio yake niliyakagua kila siku ya tatu. Ningeomba pia usishawishike kutumia dawa yoyote ya viroboto vya mbwa uliyonayo nyumbani, kwa kuwa zile zenye fipronili ni sumu kwa sungura.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, jiulize sungura wako amepona ugonjwa gani. Utitiri ukitibiwa vizuri huisha. Mafua yanayoletwa na bakteria wa pasturela hayako hivyo: sungura huacha kupiga chafya, manyoya ya miguu ya mbele aliyokuwa akifutia pua hukauka, mwenyewe unafurahi, kumbe bado anabeba vimelea na anaweza kumwambukiza mgeni aliye mzima. Sungura wa aina hiyo mimi nisingemwoanisha na yeyote isipokuwa mwenye hali kama yake, na ningemsikiliza daktari kwanza.

Mkwaju nilimhasi katika kipindi hicho cha kungoja. Dume aliyehasiwa huendelea kuwa na mbegu kwa wiki nne hadi sita, na mimba ya sungura ni siku 31 tu, hivyo jike aliyetoka kitandani mwa ugonjwa anaweza kujikuta ananyonyesha watoto saba kabla hajaurudisha uzito wake. Nilimpima Chausiku kila Jumapili kwa mizani ya jikoni, na sikufikiria kuwakutanisha mpaka alipofika kilo 2.7.

Baada ya hapo niliweka mabanda yao yakitenganishwa na wavu, kukiwa na nafasi ya vidole vinne ili wasing'atane, na kila jioni nikabadilishana matandiko yao ili kila mmoja alalie harufu ya mwenzake. Hili ni muhimu zaidi kwa aliyeugua, maana dawa na kushikwashikwa hubadilisha harufu yake. Siku ya kumi na moja niliwakuta wamelala ubavu kwa ubavu, wavu katikati.

Mkutano wa kwanza ulikuwa stoo, mahali ambapo hakuna aliyewahi kukaa, kwa dakika kumi, matembele yametawanywa sakafuni. Kufukuzana kidogo, kupandana na kunyofoana unyoya mmoja mmoja ni kawaida, kwani wanapanga nani mkubwa. Wakianza kuzungukana kwa kasi huku mikia imesimama, watenganishe kwa ufagio au beseni, wala usiingize mkono. Tulirudia kila siku, tukiongeza muda, na wiki ya tatu Chausiku aliinamisha kichwa mbele ya Mkwaju, naye akaanza kumlamba sikio lile lile lililokuwa na ukoko.

Sasa wanaishi banda moja. Mwezi uliopita Mkwaju aligoma kula na ilibidi apelekwe kwa daktari, na nilimpeleka pamoja na Chausiku katika kikapu kimoja, kwa sababu akirudi peke yake ananuka dawa, mwenzake humwona mgeni, na kazi yote ya wavu na stoo huanza upya.