Sera ni zilezile, faida imeshuka: barua kwa mwanangu mweka hazina

Mombasa, Novemba 2024

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na ule ukurasa ulionipigia picha, wa matokeo ya kampuni ya simu ya Safaricom kwa nusu mwaka ulioishia 30 Septemba, nimeusoma hadi mwisho. Unauliza itakuwaje kampuni iseme biashara ya Kenya imekua, iseme faida ya kundi zima imeshuka, kisha iongeze kwamba sera za uhasibu ni zilezile za mwaka uliopita. Wenzako chamani wanasema lazima kuna mahali tunadanganywa, nawe ndiwe unayengojewa uwaambie kama hisa ziuzwe.

Hakuna anayedanganya. Maneno yote matatu ni kweli, na la tatu, ambalo wenzako wamelipita kama tangazo la kifo cha mtu wasiyemjua, ndilo linaloyapatanisha mawili ya kwanza.

Hesabu za nusu mwaka zinaongozwa na IAS 34, mojawapo ya kanuni za kimataifa za uhasibu, iliyoanza kutumika 1999. Kanuni hiyo inaruhusu taarifa fupi kwa sababu inadhani msomaji anayo ripoti ya mwaka uliotangulia. Ndiyo maana sera hazirudiwi zote. Kampuni inatakiwa tu kutamka kwamba imefuata zile za mwaka, au ieleze iliyobadilika na imebadilikaje. Kwa hiyo sera zenyewe usizitafute gazetini. Ziko kwenye ripoti ya mwaka ulioishia 31 Machi 2024, katika maelezo ya mwanzo mwanzo. Ni kurasa nyingi na zinachosha. Mimi nilizisoma miaka yote ile kwa kulipwa, wewe utazisoma bure.

Sera ya uhasibu ni namna ya kupima: mapato yahesabiwe lini kuwa yamepatikana, shehena ya ghala ipigwe bei ipi, deni la dola liandikwe kwa kiwango cha siku gani, hasara ya kampuni tanzu, yaani iliyo chini ya kampuni nyingine, iingizwe kiasi gani. Kampuni ikisema sera ni zilezile, inakwambia imepima kwa pishi ileile. Haikwambii kwamba mchele ni uleule.

Sasa twende Addis Ababa, maana huko ndiko jibu lako liliko. Leseni ya simu ya Ethiopia ilipatikana 2021 kwa dola milioni 850, na huduma ikazinduliwa rasmi Oktoba 2022. Safaricom ina zaidi kidogo ya nusu ya kampuni tanzu ya huko, lakini kwa kuwa ndiyo yenye mamlaka, sera inaitaka iingize mapato yote na hasara yote, kisha chini ya mstari wa faida itenge fungu la wabia. Ndiyo sababu ukurasa wako una faida mbili: ya kundi zima, na ya wanahisa wa Safaricom. Hiyo ya pili ndiyo yenu. Nimeona watu wazima wakigombana kwa kuwa kila mmoja ameshika mstari wake.

Tarehe 29 Julai 2024 Benki Kuu ya Ethiopia iliiachia birr, sarafu ya nchi hiyo, ipangiwe bei na soko. Dola iliyokuwa kama birr 57 ilipita birr 110 kabla ya Septemba kwisha. Kampuni ile inadaiwa fedha za kigeni, na sera ya sarafu ni kali: deni la dola hupigwa upya kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu, na tofauti yote inaingia kwenye faida au hasara ya kipindi hichohicho. Hairuhusiwi kuitandaza miaka mitano ili isiume. Hata deni ambalo litalipwa 2030, maumivu yake ya Agosti yameandikwa Septemba.

Kuna jambo la pili, ambalo hata wahasibu wengine hulipita mbio. Mwishoni mwa 2022 Ethiopia iliingizwa miongoni mwa nchi zenye mfumuko wa bei uliokithiri, yaani ule unaokaribia au kupita asilimia 100 kwa miaka mitatu ukijumlishwa. Nchi ikiingia humo, IAS 29 inataka minara, mitambo na mapato yapandishwe kwa fahirisi ya bei. Baada ya hapo, zinapohamishiwa shilingi ya Kenya, tarakimu zote hutumia kiwango cha siku ya mwisho. Zote, mwanangu. Muda wa maongezi uliouzwa Aprili, birr ikiwa na nguvu, unageuzwa shilingi kwa kiwango cha 30 Septemba, birr ikiwa imelala. Lakini safu ya Septemba 2023 iliyo pembeni yake haiguswi, kwa sababu sarafu ya kampuni mama si ya mfumuko wa namna hiyo. Umeweka safu mbili sambamba, sera zilezile, na bado kulinganisha mapato ya Ethiopia ya mwaka huu na ya mwaka jana kwa shilingi peke yake ni kujichosha. Tazama idadi ya wateja na mapato kwa birr kama yametolewa.

Kisha kodi. Utaona kundi limelipa kodi kubwa mno ukilinganisha na faida yake. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haimpunguzii mtu kodi ya Nairobi kwa sababu tanzu yake imepata hasara Addis Ababa. Kila kampuni hutozwa kwao. Nusu mwaka pia haina bili yake ya kodi. Kampuni hukadiria kodi ya mwaka mzima itakuwa asilimia ngapi ya faida ya mwaka mzima, kisha asilimia hiyo ikaitumia kwa miezi sita. Ni makadirio, na wakuu wa fedha ni binadamu.

Makadirio ndipo ningetaka chama chenu kikae zaidi. Sera ikibadilika, kwa kawaida kampuni inarudi nyuma na kurekebisha hesabu za zamani, kwa hiyo unaiona. Makadirio yakibadilika, hakuna kurudi nyuma; tofauti inamezwa na kipindi cha sasa na vinavyofuata. Chukua benki yenye mikopo ya shilingi bilioni 100. Desemba ilidhani asilimia 4 haitarudi, Juni ikadhani asilimia 6. Bilioni 2 zimetoka kwenye faida kabla ya kodi, na chini utasoma vilevile kwamba sera ni zilezile, na ni kweli. Mtu anayetaka kupamba hesabu hagusi sera, anagusa makadirio. IAS 34 inataka mabadiliko makubwa ya makadirio yatajwe kwenye maelezo, nayo maelezo hayo ndiyo ya kwanza kukatwa taarifa inapofupishwa kwa ajili ya gazeti. Ichukue taarifa kamili. Kumbuka pia hesabu za nusu mwaka kwa kawaida hazijakaguliwa. Tafuta neno hilo juu ya safu.

La msimu nitalitaja kidogo, kwa kuwa najua mnaitazama Kakuzi pia, kampuni ya mashamba. Hesabu zake za nusu mwaka hufungwa 30 Juni, parachichi zikiwa katikati ya mavuno. Kampuni hairuhusiwi kuazima faida ya Septemba iilete Juni, wala kuahirisha gharama ya Mei ambayo isingeruhusiwa kuahirishwa mwishoni mwa mwaka. Faida ya Juni msiizidishe kwa mbili.

Mara nyingine pishi yenyewe hubadilika. Tarehe 1 Januari 2019 ilianza kanuni ya ukodishaji, IFRS 16, na malipo ya kukodi ndege yaliyokuwa yakiandikwa kama gharama ya kawaida yakahamia kwenye mizania kama mali na deni. Kenya Airways ilitoa nusu mwaka ya Juni 2019 kwa kanuni hiyo, hasara ikapita shilingi bilioni 8, na uongozi ukaitaja kanuni miongoni mwa sababu. Ndege hazikuongezeka siku ile. Mwaka kama huo ndio wa kusoma sentensi ya sera kabla ya tarakimu yoyote.

Mwingine unakuja. IFRS 18, iliyotolewa Aprili 2024, itaanza kwa miaka ya hesabu inayofunguliwa 1 Januari 2027 au baadaye. Itapanga upya taarifa ya faida: uendeshaji, uwekezaji na ugharamiaji kila kimoja na fungu lake, na vile vipimo vya faida ambavyo uongozi hujitungia vitalazimika kuelezwa na kulinganishwa na vya kanuni. Kwa Safaricom, ambayo mwaka wake huanza Aprili, nusu mwaka ya kwanza ya sura hiyo itakuwa ya Septemba 2027. Kama bado utakuwa mweka hazina, waonye mapema.

Kuhusu kuuza: hesabu hizi hazikwambii uuze wala ubaki. Zinakwambia Kenya inaingiza pesa, Ethiopia inazila, na kwamba birr imewapiga mara moja kwa mkupuo. Mnachopaswa kubishania ni kama mnaamini Ethiopia itakomaa mkiwa bado na subira, na kama mgao mnaoutegemea unaweza kusubiri pamoja nanyi. Kabla ya kikao soma taarifa ya mtiririko wa fedha na maelezo ya matokeo kwa sehemu za biashara, Kenya peke yake na Ethiopia peke yake. Ukikwama, nipigie baada ya Isha, nitakuwa nimeshamaliza mambo yangu.

Mamako